Linakuja au Haliji

Mimi sina kifua cha kufichia maneno, na bosi wangu Edward alilijua hilo tangu ananiajiri. Tena aliniajiri kwa sababu hiyohiyo! Ofisi yetu pale Makambako inanunua maparachichi na kuyasafirisha nje ya nchi, na kazi yangu ni kuzungumza na wakulima: lini wachume, lini gari litapita, kwa nini matunda fulani yamekataliwa. Kuzungumza na watu, siyo kuwachanganya.

Sasa Jumatano ile asubuhi chumba cha baridi kikafa. Gari lilikuwa liende kwa wakulima wa kijiji cha Mdandu kesho yake, na bila chumba cha baridi hakuna pa kuweka mzigo. Jambo lenyewe la kusema lilikuwa dogo: gari haliji, msichume. Parachichi likiwa mtini linakusubiri, halina neno. Likishakatwa, limekatwa. Linaanza kulainika, na mnunuzi wa nje halitaki tena.

Edward akajifungia ofisini, akatoka na meseji. Akanisomea kwa sauti, kifua mbele:

"Ndugu mdau, kutokana na changamoto za kiutendaji, ratiba ya ukusanyaji wa mazao itahuishwa kwa wakati muafaka. Tunathamini ushirikiano wako."

"Bosi," nikamwambia, "hapo umemwambia mtu nini?"

"Nimemtaarifu."

"Umemtaarifu nini? Mimi nimekaa hapa nakusikiliza, na bado sijui nichume au nisichume!"

Akacheka kile kicheko chake cha kwenye semina. Eti nikiandika kwamba gari haliji, wakulima watakimbilia wanunuzi wengine. Hapo ndipo moyo uliponiwaka. Kumbe hakushindwa kusema, hakutaka tu!

"Mficha uchi hazai, bosi. Halafu wale watu wa Mdandu hawasomi meseji zetu. Siku zote simu ikilia na jina la ofisi maana yake ni moja tu, gari linakuja. Ikilia, wanabeba ngazi. Ukituma hiyo, umewaambia wachume."

"Janeth, acha maneno ya vijiweni," akasema, akaituma.

Nikampigia Mzee Yonathani, mwenyekiti wa kikundi chao. Hapatikani. Nikampigia Mama Tabea, mweka hazina. Inaita, haipokelewi. Mtu aliyeshika matunda mikono yote miwili atapokeaje simu? Nikachukua pikipiki ya ofisi. Mlinzi akaniuliza kama nina ruhusa, nikamwambia nitaiomba nikirudi. Liwalo na liwe. Upepo wa Makambako mnaujua, ulinipiga hadi machozi yakanitoka, na hasira ndiyo iliyonipa joto.

Nilipofika, ala! Shamba zima limechangamka. Kreti chini ya miti, akina mama wanafuta matunda, na Mzee Yonathani juu ya ngazi na mkasi wake. Msimu uliopita mvua ya mawe iliwamaliza watu hawa. Huu ndio ulikuwa msimu wao wa kuinuka, na sisi tulikuwa tunauozesha.

"Kamwene, baba!" nikaita. Kwetu hata nyumba ikiungua huanzi na moto, unaanza na salamu. Akaitikia, akauliza habari za Makambako, akauliza habari za mama yangu kule Uwemba. Nikajibu zote, huku kila nikijibu, tunda jingine linaingia mfukoni mwake. Kisha nikasema:

"Baba, shuka. Gari haliji. Chumba cha baridi kimeharibika. Msikate hata moja tena."

"Si mmetuma meseji?" akasema Mama Tabea. Akaitoa simu kwenye khanga, akaisoma kwa mara ya kwanza, midomo ikitembea. "Sasa hii inasema nini?"

"Haisemi kitu, mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Huyu katumwa na wachuuzi!" akadakia mwanamume mmoja, Tarsis, kutoka mti wa pili. "Ofisi inatuma meseji, yeye anakuja kuipinga. Anataka gari litukute mikono mitupu!"

Watu wakaguna. Mzee Yonathani akanitazama, akautazama mti, akakata jingine. Jamani, nilitaka kulia. Ukweli ninao mdomoni, na hakuna anayeutaka.

Ndipo simu yangu ikalia. Edward.

"Janeth! Nani kakutuma huko?"

Nikaweka sauti ya juu, nikainua simu wote wasikie. "Bosi, nipo nao hapa Mdandu, wanakusikia. Waambie mwenyewe."

Akakohoa.

"Ndugu zangu wadau, ofisi inatambua mchango wenu, na kwa sasa tunafanya tathmini ya..."

"Mwanangu," Mama Tabea akamkatisha, kwa upole kabisa, "gari linakuja au haliji?"

"Mama, suala hilo lina mchakato wake..."

"Linakuja au haliji?" Sasa alikuwa Mzee Yonathani, kutoka juu.

Edward akaanza tena na wadau wake. Wakamkatiza kwa kelele. Mpaka Tarsis naye akateremka mtini, akasogea karibu na simu. "Wewe bwana! Linakuja au haliji?"

"Haliji," akasema Edward. Kasauti kadogo. "Chumba cha baridi kimekufa. Msichume."

Mzee Yonathani akafunga mkasi, akashuka. Namshukuru Mungu, yaliyobaki mtini yalikuwa mengi kuliko ya kwenye kreti. Akina mama wakaanza palepale kujadili nani atayapeleka yaliyochumwa soko la Njombe. Hakuna aliyenishukuru, wala sikufuata shukrani.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Janeth," akasema Edward, wote wakisikia, "kesho usije. Huna kazi."

Watu wakanitazama. Nikaisogeza simu mdomoni.

"Hilo nimelielewa mara moja, bosi. Kumbe ukitaka, unajua kusema."