Vitabu Kumi na Kimoja vya Billy

Vitabu vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya Kifaransa, na Laetitia alivipangusa vumbi kila Jumamosi kwa moyo mweupe. Vilisimulia maisha ya Billy the Kid, yule mpiga bastola wa Marekani aliyekufa angali kijana. Mumewe, Josias, aliwaambia wageni wote waliopanda ngazi zao za Saint-Gilles, Ubelgiji, kwamba wanafunzi wenzake kule Goma walimwita Billy kwa sababu alipenda hadithi zake. Wageni walicheka. Josias alikuwa mtu wa kwaya, mtu wa kuwabebea mama wazee mikoba, na jina la muuaji lilimkaa kama kofia ya kuazima.

Jumapili moja ya Novemba 1997 akaja mgeni asiyecheka. Aliitwa Régine, mjane wa Kivu, na alikuwa na miezi miwili tu Ubelgiji. Asubuhi hiyo kanisani alisikia mtu akiita "Billy!", akamwona Josias akiitika. Saa tisa mchana alikuwa mlangoni mwao, akibisha hodi.

Aliketi. Chai hakuigusa.

"Papa, njo weye banaitaka Billy?"

"Njo mimi, maman." Josias alicheka, akaonyesha rafu. "Sababu ya bile bitabu. Papa yangu alinipatiaka byote nikiwa mutoto. Nilitoka nabyo Goma."

Birika likasimama hewani mkononi mwa Laetitia. Kitabu cha kwanza alikinunua yeye, kwenye soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, miaka miwili iliyopita. Wiki moja kabla, mwanamume mmoja alimwita Josias kwa jina hilo pale kituo cha treni cha Gare du Midi, na Josias akabadilika uso. "Ni cowboy tu," alisema siku ile. Naye Laetitia, mapenzi yalivyomfanya mjinga, akaenda kumtafutia zawadi! Vile kumi Josias alijinunulia mwenyewe, harakaharaka, na hakuna hata kimoja alichokimaliza.

"Bitabu binasema aliuwa bantu ngapi?" Régine aliuliza.

"Bon, bamoja banasema vingt et un, makumi mbili na moja. Bengine tisa. Bengine bane tu."

"Billy wa kwetu, hakuna mwenye alimuandikia kitabu." Régine alisema polepole, mikono juu ya magoti. "Alikuwa ku barrière, penye balikuwa banasimamisha magari, njia ya Masisi, mwaka wa tisini na tatu. Balishusha bwana yangu ku lori. Miye nilikuwa chini ya bâche, ile turubai ya mizigo, sikumuona sura. Nilisikia tu bakimuita."

Kisha akamgeukia Laetitia.

"Maman, ile bitabu alitoka nabyo Goma kweli?"

Chumba cha pili watoto walikuwa wakigombania penseli. Laetitia aliwasikia, akaogopa. Aliwaza karatasi zao za ukimbizi, zilizotoka juzi tu baada ya kusubiri hadi wakakonda. Josias hakumtazama. Alikuwa akitazama kikombe cha mgeni.

"Alitoka nabyo," Laetitia alisema. "Nilimukuta nabyo."

Régine akainuka, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa. Laetitia akamsindikiza hadi chini, na pale mlangoni mjane akamshika kiganja.

"Niko kwa Anne-Marie wa kwaya yenu, ku Koekelberg. Ukikumbuka kitu, ukuje."

Laetitia alipanda ngazi. Alidhani atamkuta mumewe amekasirika, au analia, na lolote kati ya hayo angelishukuru. Josias alikuwa amekaa palepale, mtulivu, uso mkavu. Miaka minane ya ndoa, na hakuwahi kuuona uso huu.

"Ule maman anakaaka wapi?" Josias aliuliza.

"Sijue."

"Hakukuambia kitu ku ngazi?"

"Hapana. Aliaga tu."

Josias akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kuchukua koti lake la kanisani nyuma ya mlango.

"Haina shida," alisema, akifunga vifungo kimoja kimoja. "Nitauliza ba maman ba kwaya."