Mstaafu Hali Nyama Mbichi

Sauti ilianzia nyuma ya magunia ya mahindi. Krr, krr, krr, bila haraka, kama kisu kinachopitishwa kwenye kinoo na mtu anayeijua kazi yake. Zahid aliinua kichwa. Alikuwa ameendesha bucha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikio lake halikuwa la kudanganywa na sauti ya kisu.

"Nani ananoa huko nyuma?" aliuliza.

Daktari Chesang alicheka. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, daktari wa mifugo aliyestaafu kazi ya serikali akarudi kulima shamba lake nje kidogo ya Kitale. Zahid alikuwa ametoka Bungoma kuja kumwangalia ndume aliyesikia anauzwa hapo. Alimkuta ndume ameshauzwa asubuhi, na kabla hajageuza gari mvua ikashuka, ikawafungia wawili hao ghalani.

"Hakuna anayenoa," Chesang alisema. "Huyo ni Mstaafu."

Akajitokeza paka dume wa rangi ya majivu, kichwa kipana, sikio moja limebaki nusu, pua imejaa makovu. Alitembea kama mzee anayekwenda kuulizia pensheni yake. Alikinusa kiatu cha Zahid, akakipanda, akapanda goti, akajikunja mapajani na kuendelea kukoroma.

Zahid hakusogeza hata kidole. Paka wa mji wa Bungoma walimjua wote. Walimsindikiza kutoka kichinjioni hadi mlangoni pa bucha, wakimsugua miguu na kumlilia kwa mapenzi makubwa. Jioni akishafunga bucha na kuoga, hao hao walimpita njiani kama mtu aliyehamia jana. Alikuwa amekwisha kuzoea. Lakini leo alikuwa amevaa shati safi, ananukia sabuni, na mfukoni hana hata ukucha wa nyama.

"Amenifuata mimi," alisema kwa sauti ya chini.

"Anatafuta kwao," alisema Chesang. "Hapa nina paka kumi na wanne, wote nimewaokota. Wengine huchukuliwa. Huyu ana mwaka wa pili sasa. Watu wakisikia habari zake wanakumbuka wana safari."

"Habari gani?"

"Ana virusi. Nimempima damu mara mbili. Ni ndugu wa ukimwi, lakini ni wa paka peke yao. Hauingii kwa mtu, hauingii kwa mbwa wala kuku. Paka humpa mwenzake wakiumana vitani, na huyu alikuwa bondia wa soko. Nimemhasi, ametulia. Anaweza kuishi miaka mingi, ale, alale, anenepe. Ila mwilini mwake askari ni wachache. Kidudu ambacho paka mwingine hatakisikia, huyu kitamlaza."

"Basi anataka nini huyu?"

"Akae ndani, asikutane na paka wa nje. Akipata homa au vidonda mdomoni, atibiwe siku hiyo hiyo. Na asionje nyama mbichi kabisa, maana humo ndimo vidudu vilimo." Akamgeukia Zahid. "Unafanya kazi gani, mzee?"

Zahid alikohoa. "Nina bucha."

Chesang alimwangalia, akamwangalia paka, kisha akanyoosha mikono amchukue. "Basi hapana."

"Daktari, mimi nauza nyama. Silazimishi mtu aile mbichi."

"Kwako nyama iko karibu kama maji."

"Na moto pia uko karibu."

"Nani atapika?"

"Mimi," Zahid alisema, na akashangaa kujisikia.

Chesang alisikiliza mvua kwa muda. Paka naye alikuwa ameingiza kucha zake katika suruali ya Zahid, taratibu, kama mtu anayeshika nafasi kwenye foleni.

"Mwezi mmoja," alisema mwishowe. "Nitakuja Bungoma bila kupiga simu. Nikikuta amekula nyama mbichi, au anazurura mjini, ninaondoka naye. Hakuna kubembelezana."

"Sawa. Nipe gunia basi, nimfunge humo asije akaijua njia ya kurudi."

"Gunia la nini, mzee? Huyu hata ukimchorea ramani hatarudi. Ni mvivu." Akampa sanduku la plastiki lenye matundu.

Zulekha, mke wa Zahid, alikuwa uani akianua nguo gari lilipoingia. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka bucha, na tangu binti yao Sumeya aolewe ilikuwa imekaa kimya mno.

"Si ulienda kuleta ng'ombe?" Zulekha aliuliza.

"Nimeleta."

Alichungulia ndani ya sanduku. "Amesinyaa njiani."

Zahid alimweleza yote, na jambo la virusi hakulificha. Zulekha alisikiliza huku akikunja shuka. Alipomaliza kukunja, aliuliza swali moja tu. "Na ni wewe utakayempikia?"

"Ni mimi."

"Baba Sumeya, mimi na wewe tuna miaka thelathini na moja. Sijawahi kukuona ukichemsha hata maji ya chai."

"Hukuwahi kuwa na masharti ya daktari."

Zulekha alicheka hadi akakaa juu ya ndoo.

Siku ya kwanza Zahid aliunguza mapafu ya ng'ombe. Siku ya pili aliunguza sufuria. Siku ya tatu Zulekha alimwonyesha jinsi ya kupunguza moto, naye akasimama pale na mwiko mkononi, akachemsha, akapoza, akakatakata vipande vidogo kama vya mtoto anayeanza kula. Mstaafu alikula, akajilamba, akaenda kulala dirishani. Paka wa mtaa walikaa nje ya kioo wakimtazama, naye akawatazama kama afisa anayetazama raia.

Habari haikuchelewa. Agneta, mwenye hoteli ya jirani, mteja wa kila asubuhi, alikuja akasimama mbali kidogo na meza ya nyama.

"Mzee Zahid, ati paka yako iko na ule ugonjwa?"

"Anao, lakini ni wa paka."

"Na inaweza kunipata?"

"Unapanga kumng'ata?"

"Mimi?"

"Nakuuliza. Kwa sababu paka wenzake humng'ata, naye huwang'ata, ndivyo unavyopita. Kama hupangi kumng'ata, uko salama. Na hata ukimng'ata, Agneta, bado uko salama, ila nitakushtaki."

Wateja waliangua kicheko, na Agneta alicheka kuliko wote. "Nipimie kilo nne, bana," alisema. "Na umwambie huyo mgonjwa wako nimemsalimia."

Hivyo wiki mbili zikapita, na Zahid hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi namna hiyo. Jambo moja tu lilimkwaruza moyo. Usiku Mstaafu alilala miguuni pa Zulekha. Zulekha hakuwa amempikia hata siku moja. Hakumbembeleza wala hakumwita majina mazuri. Lakini taa ikizimwa, paka alimpita Zahid kama mti wa kando ya njia, akaenda kujikunja kule.

"Miguu yangu ina joto," Zulekha alieleza.

"Yangu ni barafu?"

"Yako inapiga teke."

Zahid hakuridhika. Asubuhi iliyofuata alirudi kutoka kichinjioni akiwa na ini lingali na joto la ng'ombe. Mstaafu alikuwa nyuma ya mlango. Pua yake ilitetemeka. Aliinuka kwa miguu ya nyuma, akamshika Zahid goti kwa mikono miwili, akamlilia. Hakuwa amemlilia hivyo hata mara moja, na Zahid akayeyuka. Alifanya kile alichokifanya kwa paka wote tangu ujanani. Alikata kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akampa. Kikaliwa kabla hakijagusa sakafu. Usiku huo Mstaafu alilala kifuani pake.

Kesho yake alimpa tena, na keshokutwa pia. Kila asubuhi alijiambia ni kidogo sana, na kila asubuhi aliangalia kwanza kama Zulekha yuko uani.

Siku ya nne, Mstaafu hakuja mlangoni. Zahid alimkuta chini ya kiti, masikio yanachoma kama bilauri ya chai, ametapika mara mbili, macho yamefunikwa nusu. Alimwita, paka akasogeza ncha ya mkia tu.

Zulekha alipiga magoti kando yake. "Umempa nini?"

"Hewa imebadilika. Hata watu wana homa siku hizi."

"Baba Sumeya."

"Ini," alisema. "Kidogo."

"Ulilichemsha?"

Zahid alitikisa kichwa. Alikaa sakafuni na aproni yake ya kazi, mtu mzima mwenye mvi, akashindwa kuyainua macho.

"Mpigie daktari," Zulekha alisema.

"Atamchukua. Alisema hakuna kubembelezana. Kuna daktari hapa mjini, twende kwake, tumwambie amekula panya."

"Na akitibiwa kwa uongo, atapona kwa uongo?"

Zahid alimtazama paka. Mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka upesi mno. Kumpigia Chesang ilikuwa kumpoteza, hilo alilijua wazi. Kunyamaza ilikuwa kumpoteza pia, kwa njia nyingine. Alitoa simu, akapiga.

"Daktari, ni Zahid wa Bungoma. Nimemlisha ini bichi. Siku tatu mfululizo. Amelala, ana homa, anatapika."

Upande wa pili Zahid alisikia ng'ombe akilia mbali.

"Anakunywa maji?"

"Kidogo."

"Mlete. Usimpe kitu kingine. Na uendeshe kama mtu mwenye akili."

Alifunga bucha siku ya soko, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Agneta alitoka hotelini kwake na sufuria mkononi. "Mnaenda wapi na leo ni soko?"

"Hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Mstaafu."

Agneta aliingia ndani mbio, akarudi na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso. "Mwekee ubavuni," alisema, akaitia yeye mwenyewe ndani ya sanduku, mkono wake ukagusa manyoya. Hakuuliza kama ni salama.

Zulekha alilipakata sanduku njia nzima, kupitia Kimilili, Kamukuywa na Kiminini. Chesang aliwapokea getini, akamtwaa paka, akamchoma sindano, akamfunga dripu kwenye mguu mdogo ulionyolewa. "Nendeni nyumbani," alisema. "Nitaandika."

Aliandika kweli. Siku ya kwanza: Anapumua vizuri. Siku ya pili: Amekunywa maji mwenyewe. Siku ya tatu: Amekula kijiko kimoja cha kuku. Zahid alisimama juu ya kiti ndani ya bucha akawasomea wateja kwa sauti, na mtu aliyekuja kununua mbavu tu akapiga makofi bila kujua kisa. Siku ya nne: Amemkwaruza mkamuaji wangu wa maziwa. Njooni.

Walipofika, Mstaafu alikuwa juu ya meza, mguu mmoja bila manyoya, ametazama mlango. Zahid alitaka kukimbia kwake lakini akajizuia. Aliweka juu ya meza bakuli la paka na blanketi lake dogo, na sanduku tupu akaliweka sakafuni karibu na mlango.

"Hivi ni vya nini?" Chesang aliuliza.

"Ni vyake. Mwezi haujaisha na nimevunja sharti. Ulisema utaondoka naye. Nimekupunguzia safari ya Bungoma." Alisema hivyo huku ameinua kidevu.

Chesang aliligeuza bakuli, akalitazama. "Mwaka huu nimezika paka watatu," alisema. "Wenyewe wote waliniambia wamekula panya. Nikatafuta sumu ya panya, nikapoteza siku nzima, na siku ndiyo iliyotakiwa. Wewe uliniambia ini bichi, siku tatu. Nilijua nianzie wapi. Ndiyo maana huyu amekaa hapa anakudharau."

Kweli, Mstaafu alikuwa amewapa mgongo, anajilamba mguu ulionyolewa. Kisha akaacha. Akateremka mezani, akavuka sakafu kwa mwendo wake wa mzee, akaingia ndani ya lile sanduku, akageuka mara moja na kulala.

Zulekha alifunika mdomo kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yakicheka.

"Naona kuna aliyekwisha kuamua," alisema Chesang. "Lakini mimi bado nina langu. Usiniahidi kwamba hutakosea. Mimi mwenyewe nimekosea kwa wanyama wengi."

"Nikuahidi nini basi, daktari?"

"Wewe sema."

Zahid aliwaza. Alimtazama mkewe, akamtazama paka, kisha akasimama wima mbele ya yule mwanamke kama anayeapa barazani.

"Nitampikia kila siku, na kisu changu hakitamkatia kipande kibichi. Na siku nitakayoteleza, iwe kwa jambo dogo, iwe kwa jambo la aibu, nitakupigia simu mimi mwenyewe, kabla Mama Sumeya hajaniuliza."