Ndungu Wawili Ndani ya Kompyuta

Mwaka wa themanini na nane, ushirika wa maziwa hapo Eldoret uliletewa kompyuta, na mtu pekee aliyeigusa bila kuogopa ni Nasike, yule sekretari. Alifundishwa kidogo tu. Hayo mengine alijitafutia mwenyewe, akikosea akirudia, mpaka ikamtii.

Asubuhi hiyo mwenyekiti, Mzee Ndungu, alikuwa njiani na lori la maziwa kutoka Burnt Forest, anakuja kuona kama mashine inafanya kazi. Isipofanya, inapelekwa tawi la Nakuru, na Nasike anarudi kwa taipureta. Na huyo dada, wacha nikuambie, hakutaka kurudi!

"Waceke, kuja unijaribie," akamwita mwenzake wa mapokezi. "Bonyeza popote. Kama ni kuharibika, heri iharibike na wewe."

Kwenye skrini maandishi ni ya kijani. Burnt Forest iko juu. Ndani ya Burnt Forest kuna wazee, na ndani ya kila mzee kuna vijana wake, wamesogezwa kulia kama vifaranga nyuma ya kuku. Ukibonyeza jina, unaruka mpaka kwa mwenyewe: shamba lake, ng'ombe wake, kila kitu.

Waceke akabonyeza Thuo. Ndani yake akamkuta Ndungu. Akambonyeza Ndungu, akamkuta Thuo, mtoto wake. Akambonyeza huyo mtoto na, kufumba na kufumbua, akajikuta kwa Thuo wa kwanza, mzee aliyezikwa zamani!

"Ai! Kijana amekuwa babu?" Akajaribu tena. Akazunguka tena.

Nasike akashika kichwa. Mashine ilikuwa inatafuta jina tu. Ikipata Thuo wa kwanza, inatosheka. "Nchi nzima chama cha siasa ni kimoja, lakini akina Thuo ni wangapi?"

Waceke akatupia mlango jicho. "Wewe, punguza sauti!" Halafu akacheka. "Kwetu kijana wa kwanza anapewa jina la babu yake. Na Mzee Thuo, ambaye baba yake alikuwa Ndungu, alikuwa na wake wawili, kwa hivyo kila mmoja alimzalia Ndungu."

"Ndungu wawili, baba mmoja? Sasa mnawatofautisha aje?"

"Kwa mama. Ndungu wa Waithira, Ndungu wa Nduta. Mwenyekiti ni wa Waithira. Lakini hiyo ni ya nyumbani, Nasike. Hapa ofisini nani atamwita hivyo? Mzee mzima!"

Nasike akafikiria. Halafu akaanza kuandika jina la mama kando ya kila jina, Waceke akimtajia, vidole vinakimbia, chai inapoa. Alipomaliza, lori lilikuwa linapiga honi nje.

Mzee Ndungu akaingia, koti lina unyevu wa mvua, akaketi. "Haya. Nitafute mimi."

Nasike akabonyeza Burnt Forest, akabonyeza Thuo, na hapo likatokea: Ndungu wa Waithira.

Mzee akasoma polepole.

"Nani ameandika mama yangu hapa?"

"Ni mimi, Mzee." Sauti ilimtoka ndogo.

"Na yule mwingine?"

Nasike akabonyeza Ndungu wa Nduta. Mzee akainama mpaka kofia ikagusa skrini. "Huyu! Miaka yote barua zake naletewa mimi. Juzi ng'ombe wake amekufa, watu wakakuja kwangu kunipa pole, wakamaliza chapati zote! Nawaambia ng'ombe si wangu, wananiambia, pole Mzee, ni uchungu."

Waceke akaziba mdomo lakini kicheko kikamponyoka. Mzee mwenyewe akacheka, mabega yakatikisika.

"Waceke, mwambie dereva aende na lori. Mimi bado niko."

Akavuta kiti karibu, akanyoosha kidole kimoja kigumu juu ya vitufe. "Sasa, mama, nabonyeza wapi nimfikie Wepukhulu, yule mkulima wetu wa kule Turbo?"