Kibao cha Kalyambeyu

Mimi sijui kuficha hasira, hilo kila mtu Kibaoni na vitongoji vyake analijua. Kwa hiyo waliponiweka kwenye kamati ya kuandika majina ya njia, ili kila nyumba ipate namba na kila njia ipate kibao, nilifurahi kimoyomoyo. Jina la kwanza la kufuta nilikuwa nalo tayari.

Sisi tunakaa Kalyambeyu, pale bonde la Kavuu linapopanuka na mashamba ya mpunga yanapoanza. Jina ni la Kipimbwe, maana yake mla mbegu. Na mla mbegu mwenyewe anajulikana, ni babu yangu mzaa baba, Severini. Mwaka mmoja wa njaa, kabla baba yangu hajazaliwa, alishusha mahindi ya mbegu akayala, watu wakapaita kwake hivyo mpaka leo.

Wewe usiyelima utaona ni jambo dogo. Kwetu mahindi ya mbegu yanachaguliwa moja moja, yanafungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya jiko, moshi uyakinge na wadudu. Yakishapanda pale si chakula tena. Watoto wanalala njaa chini yake na hakuna anayenyanyua macho.

Basi nimekua na jina hilo mgongoni. Shuleni nikiwahi kumaliza uji, darasa zima linacheka. Mashineni, Danford anayesaga hajawahi kupokea debe langu bila kuniuliza kama mbegu nimebakiza. Ni utani, najua, lakini utani wa miaka hamsini unachosha jamani. Na sasa binti yangu Lusia amemaliza ualimu, ataandika anuani hiyo kwenye barua za kuomba kazi. Nikasema uishie kwangu. Jina zuri nilishaliandaa: Njia ya Upendo.

Mwenyekiti wetu, mzee Lucas, hakubisha. Alisema tu kwamba lazima aulizwe mkazi mkongwe kuliko wote wa mahali penyewe, akikubali aweke dole gumba, na orodha inafungwa Ijumaa. Nikaona kazi imekwisha. Mkongwe wa Kalyambeyu ni shangazi Vestina, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Yule hajawahi kuninyima kitu.

Nilimkuta anapepeta mchele nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, na kidau cha wino nikakitoa kwenye mkoba. Aliendelea kupepeta. Nilipofika kwenye Upendo akaweka ungo chini, akasema dole hatatoa.

Nilipandisha hasira, siwezi kudanganya. Nilimwambia hajui kuchekwa kwa sababu hatoki. Nilimwambia babu alikula mbegu za watoto wake, na mimi nimezilipa maisha yangu yote bila kuonja hata punje. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Halafu akaniuliza kama nimemaliza.

"Wewe hukuonja," akasema. "Nilionja mimi."

Sikumwelewa. Akaupakata ungo tena, akaanza kunisimulia taratibu huku akichambua chuya.

Yeye hakuzaliwa Kalyambeyu. Alikuja mgongoni mwa mama yake, wakitokea ng'ambo ya Kavuu ambako njaa ilikuwa imemaliza watu. Alikuwa na miaka kama mitano, tumbo limevimba, miguu haimshiki. Babu Severini na mkewe nao walikuwa wanakula mizizi ya porini. Babu alimtazama yule mtoto, kisha akapanda juu ya kigoda akafungua fundo juu ya jiko. Bibi alilia. Babu akapukuchua mwenyewe, akatwanga mwenyewe, akamnywesha mtoto uji kwa kidole, kidogo kidogo, siku nne za kwanza, na uji ukaendelea mpaka mbegu zikaisha. Mama mtu hakupona, wakamzika karibu na mto. Mtoto akabaki, majirani wakaambiwa ni wa ndugu wa ng'ambo.

Mvua ziliposhuka wenzake wakapanda, shamba la babu likabaki tupu. Wakamuuliza mbegu ziko wapi. Akajibu kwamba amezila. Wakacheka, na jina likashika.

"Si angesema ukweli," nikamwambia shangazi, sauti imeshashuka.

"Angesema, ningekua naitwa mtoto aliyemaliza mbegu za watu. Kila njaa ikirudi wangenitazama mimi. Alikuwa na kifua, baba yangu. Mimi akanipa jina la ukoo, hilo la mbegu akalibeba mwenyewe. Hata baba yako amekufa hajui kwamba hatukuwa damu moja."

Nililia pale pale, mama mzima. Miaka yote nimemwonea aibu mtu ambaye bila yeye nisingepata wa kunilea. Nilimwomba shangazi msamaha. Akanifuta uso kwa kanga yake, akasema nimsamehe yeye kwa kukaa kimya wakati mimi nachekwa, na kwamba sasa amezeeka, haogopi tena, niwasimulie watu nikitaka, ila jina lisiguswe. Kisha akaniambia nikaangalie maharage, yanaungua. Kweli yalikuwa yanaungua.

Ijumaa nilisimama mbele ya kamati nikasoma Kalyambeyu kwa sauti, herufi zote. Mzee Lucas akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aandike kabla sijagombana na mtu.

Wiki mbili baadaye vijana walikuja na vibao, wakachimbia chetu penye njia panda ya kwenda mtoni. Shangazi akataka aone. Nilimpeleka asubuhi, ameegemea mkono wangu, amevaa kanga mpya ya kutokea. Kusoma hajui. Aliniuliza jina linaanzia wapi, nikamwekea kidole chake kwenye herufi ya kwanza. Akakipitisha polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena.

Halafu akapiga goti kidogo, na magoti yake yale yanayouma.

"Shikamoo, baba," akakiambia kibao.

Tulikuwa wawili tu pale njiani. Niliona vibaya salamu ya shangazi yangu ikae bila mwitikio, basi nikamwitikia mimi kwa niaba ya babu.

"Marahaba, mwanangu."