Mto Chini ya Zizi

Mwaka ule wa ukame, sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha kuwa hadithi madukani, na mtambo wa kuchimba visima ulikuwa umelala Musoma ukingoja kipuri. Wanawake wa Nyamuswa walifuata maji mbali, wakirudi na debe moja kichwani na malalamiko tele mdomoni. Ndipo Marcelina, aliyekuwa akisomea elimu ya miamba chuo kikuu, alipokuja likizo kwa babu yake, Mzee Magesa, akashinda korongoni wiki nzima akiukwangua ukingo kwa kisu.

Alipotoka humo alikuwa amekwisha kujua pa kuchimba kisima. Tatizo lilikuwa moja tu: palikuwa katikati ya zizi la babu.

"Mke wangu," alisema Mzee Magesa kwa utani wa babu na mjukuu, "Nyamuswa yote hii umekosa pengine?"

"Nimekosa, mume wangu."

"Zizi hili aliliweka baba yangu. Sing'oi hata kijiti kwa ajili ya ndoto."

Marcelina alimshika mkono, akamteremsha korongoni. Ukingo ulikuwa umepangika kama matandiko: juu udongo mwekundu wenye vinundu vyeupe vya chokaa, dalili ya miaka mingi ya kiangazi, chini yake tope jeusi lenye magamba ya konokono, dalili ya kinamasi, na chini kabisa, kokoto laini.

"Hapa palipita mto, babu, kabla hajazaliwa mtu wa kuupa jina. Ulitoka upande wa Butiama ukielekea Bunda. Kokoto zake zinashuka hadi chini ya zizi, na huko ndiko maji yaliko."

"Hapa hapakuwaga na mto! Na umejuaje ulikoelekea? Uliusindikiza?"

"Tazama mawe haya bapa. Yamelaliana kama vigae, kila moja limeliegemea lililo mbele yake. Maji ndiyo huyalaza hivyo, kufuata yanakokwenda."

"Hata ng'ombe huyalaza."

Marcelina aliona kwamba mzee akiondoka na jibu hilo, kisima hakitakuwapo, na ng'ombe wenyewe hawataiona mvua. Akapanda juu mbio, mzee akimfuata, akachimba kijifereji kwa jembe, akamwaga humo mawe bapa shaghalabaghala. Kisha akalinyakua debe la maji ambalo Bibi Nyamburi, mke wa mzee, alikuwa ndiyo kwanza amelitua.

"Wewe! Hayo ni ya ugali!"

"Nisamehe, bibi," alisema, akayamimina.

Bibi alimfukuza kwa mwiko kuzunguka nyumba. Mzee Magesa hakuwatazama. Alikuwa amepiga magoti kando ya kifereji. Mawe yalikuwa yamelaliana kuelekea mteremkoni, sawasawa na yale ya korongoni. Mawili tu yalikuwa yamekaa kivyakevyake.

"Na haya?" aliuliza.

"Hayo ni ya ukoo wako, babu," alijibu Marcelina akihema.

Mzee alicheka hadi kofia ikamdondoka. Halafu akaligeukia zizi, akaagiza ua wake wa miiba uondolewe.

Majirani walichimba, na ng'ombe wakaroroma katika zizi jipya chini ya dirisha la mzee. Kila tabaka lilipofikiwa, yeye alilitangaza kwa sauti, kana kwamba alilitandika mwenyewe: "Mwekundu! Mweusi! Konokono hao!" Lakini kokoto zilipotokea, zilikuwa kavu kama mtama. Wachimbaji wakasimama. Marcelina akainama kutazama shimoni.

"Chimbeni!" alifoka babu kabla mjukuu hajafumbua kinywa. "Huu ni mto wa mke wangu, siuachi njiani."

Wakachimba. Kokoto zikaanza kuja na unyevu, kisha sururu ikatoa mlio wa chubwi, na shimo zima likapiga vigelegele kabla hata ya wanawake waliokuwa juu. Ndoo ya kwanza ilipopanda, Mzee Magesa aliteka kiganja, akanywa, kisha akatema mchanga.

"Mke wangu," alisema akifuta ndevu, "huo mto wako haujaoga tangu ulipolala."

"Na wewe je?" alisema Bibi Nyamburi, akamnyang'anya ndoo.