Kikonyo cha Irmtrud

Wakubwa wana namna yao ya kumfuta mtu. Hawamtukani, hawampigi, wanaandika kitabu ambacho yeye hayumo. Ewald Osterhage alikuwa na jambo hilo kooni tangu mwezi wa tatu, aliponunua kitabu cha Daktari Niemöhler kuhusu nishani na kukuta, ukurasa wa arobaini, jani la mwaloni la marehemu mkewe.

Jani lenyewe ni alama ndogo kuliko punje ya mtama. Hugongwa kwenye kipete cha juu cha Msalaba wa Chuma, nishani ya vita ya Wajerumani, pale utepe unapopita, ili ijulikane nishani imetoka kiwanda gani. Bila lenzi hulioni. Kitabu kilisema jani lenye kikonyo kizima ni la kawaida. Lenye kikonyo kilichokatika ni la mwaka 1915, adimu mno, kwani fundi mkuu wa kiwanda alikivunja kwa makusudi siku aliposikia mwanawe kafia vitani kule Flanders.

Uongo mtupu, tena wa kuliza watu. Kikonyo kilivunjika mwaka 1973, siku ya Jumanne, baada ya kahawa ya saa nne asubuhi. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza misalaba mipya kwa wazee waliopoteza yao, na Irmtrud, mkewe Ewald, ndiye aliyekuwa akigonga alama. Chapa ya chuma ilimponyoka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ncha ikamegeka. Meneja hakununua nyingine. Alisema wale wazee hata macho ya kuona hawana. Ila Irmtrud alipelekwa kwenye banda la tindikali kuosha shaba, ashike adabu. Akashika adabu miaka kumi na moja. Kifua alichotoka nacho humo ndicho kilichomzika.

Meneja naye alipokufa, bendi ya zimamoto ilimpigia tarumbeta.

Sasa kitabu kilikuwa kichapwe mara ya tatu, wiki iliyofuata. Ewald alitaka mstari mmoja tu ndani yake: kwamba kikonyo kilivunjwa na Irmtrud Osterhage, mfanyakazi. Basi Alhamisi akatia chapa mfukoni, ileile aliyoiokota kwenye vyuma chakavu siku kiwanda kilipofungwa, akaenda kwenye mkutano wa wakusanya nishani, chumba cha nyuma cha baa.

Wanaume tisa walikuwa wameinamia nishani zao juu ya vitambaa vya mahameli, kila mmoja na lenzi jichoni na bia ubavuni. Daktari Niemöhler, mwenyekiti, alikaa kichwani mwa meza. Alikuwa daktari wa meno. Miaka thelathini alichungulia vinywa vya watu, na alipostaafu akashindwa kuacha kuchungulia.

"Karibu, mzee Ewald," alisema. "Umetuletea nini? Isiwe kifungo cha koti tena."

Ewald akaiweka chapa mezani. Akaeleza yote, Jumanne, saruji, tindikali. Hakuwa msemaji, akarudia baadhi ya mambo mara mbili.

Daktari hakumsikiliza hata nusu. Alikuwa ameshaichukua chapa, anaigeuzageuza chini ya lenzi.

"Mabwana," alisema, "hii ndiyo chapa ya fundi mkuu. Ya mwaka 1915. Nimeitafuta miaka ishirini."

"Ni ya mke wangu," Ewald alisema.

"Bila shaka bibi aliitumia baadaye. Lakini huu mmegeko ni wa zamani, mzee. Angalia ukingo ulivyolainika. Mkono wa kufanya hivi ulikuwa na msiba."

"Ulikuwa na mafuta ya mashine. Ndiyo maana ukateleza."

Gisbert, mtumishi wa posta mstaafu, mweka kumbukumbu wa chama, alikohoa ndani ya glasi yake.

"Tufanye hivi," Daktari alisema kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Chapa iende makumbusho ya mji, kwenye sanduku la kioo. Chini yake tuandike: zawadi ya Bwana Ewald Osterhage. Jina lako kwa herufi za dhahabu."

"Na jina la Irmtrud?"

"Mzee wangu, makumbusho si makaburi."

Ewald akanyoosha mkono, akaichukua chapa yake, akauliza, "Hicho kikombe chako cha bia, Bwana Daktari. Kifuniko chake cha bati umekipata lini?"

"Mwaka jana. Chama kilinizawadia. Wote hapa wanajua."

"Wote mnajua?"

Vichwa vikaitikia. Ewald akakivuta kikombe, akakisimamisha vizuri, akaiweka chapa juu ya kifuniko, akatoa nyundo ndogo kwenye koti, akagonga mara moja. Miaka arobaini ya kiwandani haitoki mkononi. Akamsogezea Gisbert.

"Tusomee, ndugu."

Gisbert akavaa lenzi. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jani la mwaloni," alisema. "Kikonyo kimekatika. Kwa mujibu wa kitabu cha mwenyekiti, kifuniko hiki ni cha 1915."

Mmoja akaguna, wa pili akashindwa kujizuia, meza nzima ikaangua kicheko.

"Umeniharibia mali," Daktari alisema, uso umemwiva.

"Nimeipandisha thamani. Soma ukurasa wa arobaini."

Kitabu kilitoka mwezi wa kumi. Wanachama walicheka usiku ule, wakanywa, kisha wakamchagua Niemöhler tena bila kupingwa. Ndivyo watu walivyo. Kitabuni fundi mkuu alikuwa palepale na msiba wake. Mstari mmoja ulikuwa umeongezwa: chapa yenyewe ingalipo, mikononi mwa mtu binafsi asiyejua thamani yake.

Ewald alisoma mstari huo akiwa amesimama dukani, akakirudisha kitabu kwenye rafu. Jumapili asubuhi akaenda makaburini na mshumaa mpya. Alipomaliza kufuta majani kwenye taa ya shaba iliyo juu ya kaburi la mkewe, akapiga magoti kwa shida, akatafuta pahali laini kwenye ukingo wake, akaweka chapa, akagonga mara moja.

"Haya, Trudi," alisema. "Na wewe sasa ni wa 1915. Akija yule na lenzi yake, mwambie ulifia Flanders."