Kisu cha Jumamosi

Mzee Sufuria hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na cheti cha upishi wala subira. Hayo yote alikwisha kuyazoea. Alichokosa hasa ni mpishi. Baada ya miezi miwili angepasuliwa jicho, na daktari alimkataza moto na mvuke kwa mwezi mzima. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja.

Ndiyo maana alimwandikisha kwenye darasa la Jumamosi shuleni, ambako watoto walipika pamoja na jamaa zao. Lakini Jumamosi ya nne ilifika na mtoto hajakata hata kitunguu. Mwalimu alikata, akakaanga, akakoroga. Watoto wakapewa miiko waishike, wapigwe picha.

"Mwalimu," mzee akasema, "tumekuja kupika au kupigwa picha?"

"Mzee wangu, kisu ni hatari. Watoto wanajifunza kwa kutazama."

"Mimi nimetazama mpira miaka hamsini. Mbona timu haijaniita?"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu akavimba. "Kama hupendi, mlango ule pale."

Wakatoka. Njia nzima mzee alifoka peke yake, na walipofika nyumbani akavamia vitunguu kana kwamba ndivyo vilivyomtukana.

"Babu, nikusaidie?"

"Kaa mbali! Utajikata."

Mtoto akamkazia macho. "Sasa mwalimu alikosea nini?"

Kisu kikasimama. Katika jiko la hospitali, alikopika miaka thelathini, mgeni kazini alisugua masufuria miaka miwili kabla ya kukabidhiwa kisu. Sheria ile alikuja nayo hadi nyumbani, wala hakuwahi kujiuliza ilikuwa na kazi gani hapa. Akajikasirikia kuliko alivyomkasirikia mwalimu.

Akageuza kisu, akampa mpini. "Kunja vidole. Kucha zitazame ndani. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Vipande vilitoka vikubwa kama matofali. Mafuta yaliporuka, mtoto alipiga kelele lakini mwiko hakuuachia. Akavunjia mayai juu ya vitunguu, yakaiva, chumvi ikiwa imepita kiasi. Mzee aliyamaliza yote, uso bado umekunjwa, kisha akadai karatasi na kalamu.

"Mwalimu," aliandika, "nimekukasirikia, na sikuombi radhi kwa hilo. Ila kosa lako nami nilikuwa nalo, na leo nimeliacha. Jumamosi ijayo tutarudi. Mjukuu wangu atakata mwenyewe. Mimi nitasimama kando yake, mikono nyuma. Ukimnyang'anya kisu, utanieleza sababu mbele ya wazazi wote."

Mtoto akalamba gundi ya bahasha. "Babu, hii ina nafuu kuliko mayai yangu."

"Bandika, acha maneno!"

Akaibana kwa vidole vinavyonuka vitunguu. Wakarudi shuleni pamoja, na mzee akaisukuma bahasha chini ya mlango wa ofisi mpaka ncha yake ya mwisho ikapotea.